Ralonji ya kinga ya fundi wa Kadutu: ghali, lakini chukua

Nina nyumba ya fotokopi hapa Kadutu, Bukavu, na mashine zangu zote zinategemea umeme wa mjini. Ralonji hii, yaani waya wa kurefusha umeme wenye soketi na kinga ya volti zikiruka, nimeinunua kwa fundi mmoja pembeni ya soko, anayezifungua zile za dukani na kuzijenga upya. Dola 15. Za dukani ni dola 5, boksi limechorwa radi.

Nilimwomba afungue moja ya dukani tuone. Ndani mna kidonge kimoja cha bluu, ukubwa wa kifungo cha koti, kimeandikwa 14D471K. Ni varista: upana milimita 14, na kwenye volti 470 hivi inaanza kupitisha umeme. Umeme wetu wa 220 hauisumbui, inavumilia hadi 300 kila siku. Radi ikipiga, inameza maelfu ya ampea kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hapo sina neno.

Lakini sisi hatuuliwi vyombo na radi peke yake! Nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ikikatika kwenye nguzo, volti zinapanda kuelekea 380, kupita zile 300 ambazo kidonge kinavumilia, na zinakaa hapo hapo. Kidonge kile kile, kwa mfululizo, hakibebi hata wati moja. Kipimo chake ni 0.6. Kinapata moto, na kikipata moto kinazidi kupitisha umeme, mpaka kinawaka pamoja na plastiki yake. Boksi halikwambii hilo, na watu wanalala na ralonji hizo chini ya kitanda.

Fundi anaweka varista tatu za milimita 20. Hata hizo, kwa mfululizo, ni wati 1 tu, ndiyo maana kila moja ameigandisha na fyuzi ya joto ubavuni: varista ikichemka, fyuzi inakata na taa ya kijani inazimika. Ametoboa matundu pia, kwa sababu ikipita nyuzi 85 uwezo wa varista unashuka. “Mama, usiifunike na karatasi,” aliniambia.

Kasoro zipo. Waya ni mfupi. Fyuzi ikikata, lazima urudi kwake. Haishushi volti, kwa hiyo regileta yako, ile ya kusawazisha volti, usiitupe. Na nyumba isiyo na waya wa ardhi, varista mbili kati ya hizo tatu hazina kazi, maana zimeungwa na waya huo.

Ukienda, mwambie akuoneshe ndani kabla hajafunga kifuniko. Hakatai.