TAHADHARI: Wenye Prado za petroli, muuza spea huyu asiwakute

Ndugu zangu wenye gari za zamani za petroli zenye kompyuta, kuna muuza spea hapa Kampala ameniuzia sensa ya oksijeni (kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachoiambia kompyuta kama petroli ni nyingi au kidogo) iliyokwisha tumika kwa bei ya mpya, na ile ya asili ya gari yangu akabaki nayo. Jina la duka silitaji, ila mchezo wake nausema wote.

Gari ni Prado ya 1998, injini 3RZ ya lita 2.7. Ilikuwa ikinipa kilomita 7 au 8 kwa lita. Tangu nilipotengeneza rejeta mwezi wa pili ikaanza kula mafuta: kilomita 5, na silensa inanuka petroli mbichi. Fundi akanipeleka kwa huyo muuzaji. Hakupima chochote. Akasema tu: “Ssebo (bwana), hizo Prado zote ugonjwa wao ni sensa ya oksijeni.” Akatoa boksi lenye jina la Denso, nikalipa shilingi 380,000, fundi akaifunga palepale. Ya zamani akaichukua, eti ni taka. Hapo ndipo ninapoumia kuliko hata pesa, maana hakuna aliyenionyesha kwamba ilikuwa imekufa.

Wiki iliyofuata nikashuka hadi kilomita 4.

Fundi mwingine, wa Ndeeba, alikuja na mita. Injini ikiwa moto, sensa nzima hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Hii ilikwama kwenye 0.1. Kompyuta ikiona hivyo inadhani petroli ni kidogo, inazidi kumwaga. Tukaifungua: nati ina makovu ya spana chini ya mng'aro, matundu ya kichwani yana masizi, na nyaya zimeungwa na soketi ya gari nyingine, kiungo kikafichwa ndani ya mpira mweusi.

Kisha akaniuliza swali ambalo muuzaji hakuliuliza: mshale wa joto unakaa wapi? Nikakumbuka kwamba barabara ya Masaka, gari ikikimbia, unashuka chini kabisa. Alipofungua akakuta themostati haipo, yaani kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Waliotengeneza rejeta waliitoa ili gari isichemke. Bila themostati maji hayapati joto lake, na kompyuta inaendelea kulisha injini petroli nyingi kana kwamba bado ni baridi ya asubuhi. Angalieni pia sensa ya joto la maji, ile ya nyaya mbili: ikiwa baridi husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000, ikiwa moto karibu 300. Themostati mpya, inayofunguka kwenye nyuzi 82, ilinigharimu shilingi 60,000 tu. Tulifunga na sensa nyingine ya oksijeni, safari hii tukiipima kwanza, na sasa nimerudi kwenye kilomita 7.

Nilirudi dukani. Risiti yangu imeandikwa “spea” tu, basi akanikana mchana kweupe. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inataka kitu kilingane na maelezo yake, lakini maelezo yenyewe yako wapi? Mwambieni muuzaji aandike jina la kifaa, namba yake, na neno “mpya”. Na sensa yenu ya zamani ondokeni nayo, hata akiwapunguzia bei.

Niliyouziwa ninayo bado, pamoja na boksi lake. Aliyeuziwa ya namna hii aje tuzilinganishe, twende UNBS, shirika la viwango la Uganda, pamoja.