Ununue jiko gani Uganda: presha kuka, gesi au sigiri ya udongo?

Ukitaka kupunguza makaa nyumbani, swali la kwanza si jiko lipi linasifiwa. Ni chakula gani kinachokula makaa yako. Katika nyumba nyingi za Uganda ni maharage na matooke, zile ndizi mbichi za kupika. Chai na mayai ni kazi ya dakika chache, lakini maharage makavu hukaa motoni saa mbili au zaidi. Jiko litakaloyaondoa maharage kwenye makaa ndilo litakalokurudishia pesa upesi, na ndicho kipimo tulichotumia kupanga majiko haya.

Makaa yenyewe ni ghali kuliko bei ya sokoni inavyoonyesha. Tanuri la udongo la kijijini humeza kilo 6 hadi 10 za kuni ili litoe kilo moja ya makaa. Kaskazini imekatwa hata mishea, miti inayochukua zaidi ya miaka 15 kabla ya kuzaa, na Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka huko. Kwa hiyo kila kilo usiyoichoma Kampala ina maana kubwa Amuru, kule kaskazini.

Ya kwanza: presha kuka ya umeme

Kwa mwenye Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) yake mwenyewe na umeme usiokatika kila jioni, hii inashinda zote. Umeme wa Uganda unatoka zaidi kwenye maji, katika mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Halafu mashine yenyewe haipotezi joto. Nusu kilo ya maharage mekundu ya nambale ambayo hayakulowekwa, kwa lita moja na robo tatu za maji, huiva kwa dakika 40 hadi 45 baada ya presha kupanda, na hutumia kama nusu uniti. Kwenye sigiri ya bati tupu, maharage hayo hayo yanaweza kumaliza karibu kilo nzima ya makaa. Ukiyaloweka usiku kucha, dakika 20 hadi 25 zinatosha.

Piga hesabu: hata ukitozwa shilingi 800 kwa uniti, sufuria hiyo haizidi shilingi 400. Tangu 2022 kuna pia bei ya kupikia, ambapo uniti za 81 hadi 150 katika mwezi zilishushwa hadi shilingi 412. Nyumba yenye taa na televisheni tu huenda isifike uniti 80, basi usinunue kwa kuitegemea bei hiyo. Soma risiti zako za Yaka za miezi mitatu kwanza.

Watu wanne hadi sita chukua ya lita 6, wati 1000. Chungu cha ndani kiwe cha stili. Vile vyeusi vyepesi huchubuka mara tu mwiko wa kupondea matooke unapoanza kazi. Muulize muuzaji mpira wa mfuniko kabla ya kuuliza bei. Kwa mashine za lita 5 na 6 mara nyingi ni wa sentimita 22, na ndio unaochoka kwanza. Duka lisilo na mpira wa akiba litakuuzia chombo ambacho siku moja kitavuja mvuke na kugeuka sufuria ya kawaida. Kisha ijaribu palepale: lita moja ya maji, dakika 5 za presha, mfuniko umefungwa. Ndani ya dakika 15 kile kipini kidogo cha mfuniko kinapaswa kuinuka na mvuke uache kutoka pembeni. Kisipoinuka, usiibebe.

Makosa ya nyumbani ni machache na yanajirudia. Maharage hutoa povu, kwa hiyo usivuke nusu ya chungu. Vyakula vingine mwisho ni theluthi mbili. Ukijaza, povu huziba vali. Waya wa kurefushia wa bei rahisi huchemka na kuyeyuka kwenye plagi, basi chomeka ukutani moja kwa moja. Na kama jioni umeme wa mtaa wenu hushuka, fahamu kwamba nguvu hushuka kuliko unavyodhani: mashine ya wati 1000 kwenye volti 240 hubaki na kama wati 560 volti zikiwa 180. Hapo haijaharibika, inachelewa tu. Pika mchana, funga, kula usiku.

Matooke nayo yanakubali. Panga vipande vya shina la mgomba chini, maji nusu lita, funga ndizi kwa majani vizuri ili yasiguse vali, dakika 25 hadi 30 za presha. Achia mvuke, ponda ndani ya majani, rudisha ndani ya mashine ikiwa kwenye kitufe cha kuhifadhi joto. Wazee watakuambia hayajakaa vya kutosha, na kwa luwombo ya sherehe, mchuzi unaopikwa ndani ya majani ya mgomba, wana haki. Kwa chakula cha Jumanne usiku, yanatosha kabisa. Posho (ugali) usiihangaikie humo. Inataka moto wa wazi na mkono.

Wakazi wa Kabale wanaifaidi zaidi ya Kampala. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharage hayaivi haraka. Presha huondoa shida hiyo.

Ya pili: gesi

Gesi si ya kijani kwa maana kamili, ni mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Lakini haigusi mti na haijazi nyumba moshi, na kwa posho, chai, mukene (dagaa) na vya kukaanga hakuna kinachoifikia. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya zaidi ya kilo 4 za makaa kwenye sigiri ya bati, na ya kama kilo 2 na nusu kwenye sigiri nzuri ya udongo. Basi pima makaa yako kwa mizani mara moja, kwa sababu debe na kaveera (mfuko wa plastiki) hudanganya, upate bei ya kilo. Kilo ya gesi ikiwa chini ya mara nne ya bei hiyo, sigiri ya bati inakula pesa zako.

Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu unafaa chumba kimoja, ila sufuria kubwa huyumba juu yake. Familia ichukue wa kilo 12 au 13 na meza ya vichomeo viwili. Kila unapobadilisha, dai upimwe mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola yake, jumlisha kilo za gesi, hiyo ndiyo namba ya mizani. Paka povu la sabuni kwenye regileta na ncha zote mbili za mpira wa gesi. Bubujiko ni uvujaji. Gesi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, basi mtungi usimame wima, mbali na kitanda, karibu na mlango. Moto ukiwa wa njano na sufuria ikapata masizi, tundu za hewa za kichomeo zimeziba. Zisafishe.

Ya tatu: sigiri ya udongo

Mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kupikia umeme, na hana pesa ya kujaza gesi kwa mkupuo, aanzie hapa. Sigiri yenye udongo mnene ndani huokoa karibu theluthi ya makaa ukilinganisha na ile ya bati tupu inayotengenezwa Katwe, Kampala, hata zaidi ukijua kuufunga mlango wa hewa chakula kinapoanza kuchemka. Wengi huuacha wazi mpaka mwisho, halafu husema sigiri ni ya uongo.

Dukani, gonga udongo kwa kidole: mzima hulia, wenye ufa husikika mfu. Tikisa, udongo usicheze ndani ya bati. Beba sufuria yako unayoitumia zaidi, ikae karibu na makaa bila kuyaziba. Siku ya kwanza washa moto mdogo tu ili unyevu utoke taratibu, na usiizime kamwe kwa maji. Moto mkali wa siku ya kwanza na maji, vyote hupasua udongo.

Briketi za vumbi la makaa na maganda ya matooke, zilizoshikwa kwa uji wa muhogo, huwaka polepole na zinafaa maharage. Huchelewa kushika, kwa hiyo weka makaa machache chini. Ikivunjika kwa vidole viwili, ilikosa gundi au jua. Yenye mfinyanzi mwingi huacha jivu zito.

Sigiri yoyote, ya udongo au ya bati, ya makaa au briketi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale nayo ndani, hata makaa yakionekana yamekufa.

Visivyostahili pesa yako kwa sasa

Jiko la koili kwa maharage: saa mbili za wati 1000 hadi 2000 zitamaliza Yaka. Jiko la induksheni ni zuri, lakini sufuria zetu nyingi ni za alumini na halizioni. Jaribu sumaku kwenye kitako cha sufuria. Isiponata, bei ya jiko iongeze bei ya sufuria mpya.

Na kama hakuna pesa ya lolote kati ya haya, tafuta kikapu kikubwa, kijaze nyuzi kavu za mgomba au mablanketi ya zamani pande zote na juu. Maharage yaliyolowekwa, yakichemka kwa nguvu dakika 20, yafunikwe humo saa tatu au nne bila kufunguliwa. Dakika 10 za mwanzo za kuchemka kwa nguvu ni lazima, kwa sababu maharage mekundu yana sumu ambayo joto la vuguvugu haliiui. Yakitoka yakiwa magumu katikati, kikapu kina mwanya. Mara nyingi uko kwenye mfuniko.