Paul Simon: kama una hela ya albamu moja tu, nunua ipi?

Nyumbani kwetu Mabatini, hapa Mwanza, Graceland inapigwa tangu enzi za kanda. Paul Simon, mwimbaji wa Marekani, alizaliwa 1941 na ana albamu zaidi ya kumi alizotoa peke yake, kwa hiyo anayetaka kuanza naye lazima achague. Nimezipanga kwa jinsi zinavyosikilizwa kwetu, na niseme mapema kwamba ndugu zangu hawakubaliani.

1. Graceland (1986)

Anza na hii. Nyimbo 11, dakika kama 43, na karibu kila wimbo una kitu ambacho sikio la huku linakitambua. Wa kwanza unafunguliwa na kodiani ya Forere Motloheloa wa Lesotho. Halafu kuna besi ya Bakithi Kumalo, gitaa lisilo na vile vyuma vya kutenganisha noti shingoni, kwa hiyo sauti inateleza kutoka noti moja hadi nyingine. Shemeji yangu hupiga besi kwenye kwaya. Alikirudia kile kipande kifupi cha You Can Call Me Al jioni nzima, na mwisho wake ukamshinda kabisa. Baadaye ndipo tukajua kwamba nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kwenye mkanda, inakwenda kinyumenyume.

Mama yeye anataka Homeless tu. Humo Ladysmith Black Mambazo, kwaya ya Afrika Kusini, wanaimba bila chombo chochote, sauti za kiume zikipandana. Maneno ya Kizulu yanasema juu ya kulala majabalini, na lile neno la kulala linasikika karibu sawa na letu. Sisi ambao ukuta wa nyuma wa nyumba yetu umeegemea jiwe hatukuhitaji mkalimani.

Mjomba haitaki albamu hii, na sababu yake ni nzito. Mwaka 1985 Simon alikwenda kurekodi Johannesburg wakati Umoja wa Mataifa umeitisha mgomo wa kitamaduni dhidi ya serikali ya makaburu, yaani wasanii wasiende kufanya kazi huko. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na watoto wa wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro. Mjomba anasema mtu hachungulii dirishani kwenye nyumba iliyosusiwa. Mimi naona anayo hoja: Simon angeomba ridhaa kwanza. Ila aliwalipa wapigaji mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha Marekani, na mwaka 1987 Miriam Makeba na Hugh Masekela, wanamuziki wa Afrika Kusini waliokuwa wote wawili uhamishoni, walipanda naye jukwaani Harare. Kwangu hilo lina uzito. Kwa mjomba halitoshi.

2. The Rhythm of the Saints (1990)

Hapa ni ngoma za kikundi cha Olodum cha Brazil, pamoja na gitaa la Vincent Nguini wa Kameruni. Ukiisikiliza kwa spika ya simu utaona kelele tupu, lakini kwenye sabufa nzuri kila ngoma inakaa mahali pake. Haikushiki siku ya kwanza. Ipe wiki mbili.

3. Seven Psalms (2023)

Dakika 33 zisizokatika, gitaa na sauti ya mzee wa miaka 81 anayezungumza na Mungu. Akiwa anaitengeneza, sikio lake la kushoto lilipoteza usikivu. Dada yangu huisikiliza alfajiri kabla hajashuka Kirumba mwaloni, na siku hizo hataki kusemeshwa. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: haifai kusikilizwa penye watu.

4. Still Crazy After All These Years (1975)

Tamu, ya taratibu, ya mtu aliyeachika. Ilichukua tuzo ya muziki ya Grammy, ya albamu ya mwaka. Wapenzi wa nyimbo laini za zamani wataipandisha juu zaidi.

Songs from the Capeman (1997) iache kwanza. Ni nyimbo za mchezo wa jukwaani, na usipokijua kisa utapotea njiani.

Uinunue vipi?

Usiridhike na ile ya kujaziwa kwenye flashi. Mara nyingi faili zimebanwa sana, na kinachopotea kwanza ndicho unachokilipia: sauti nyembamba za juu na pumzi za waimbaji. Isitoshe, wapigaji hawaambulii kitu. Kusikiliza mtandaoni ni sawa ukiwa mjini, lakini bando likiisha muziki nao umekwisha. Ushauri wangu ni kununua faili kamili mara moja, kuzipakua ukiwa na intaneti nzuri na kuzihifadhi sehemu mbili. Ukipata CD halisi, fungua kasha uone kama ina mikwaruzo kabla ya kutoa hela.

Lipo pia toleo la Graceland la kutimiza miaka 25, la 2012, lenye filamu ambamo Simon anakaa uso kwa uso na Dali Tambo, mwana wa Oliver Tambo aliyekuwa kiongozi wa ANC, wanajadili ule mgomo. Kwa nyimbo peke yake huna haja ya kuongeza hela. Mimi niliongeza kwa ajili ya mjomba. Ameitazama filamu mara mbili, na nyimbo bado hajaniruhusu nizipige akiwepo.