Kumtafuta kwale wa Ndundulu: uzoefu wangu katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero

Kwa mtu anayependa ndege wa msituni hasa, na si wanyama wakubwa wa kutazamwa kutoka garini, msitu wa Ndundulu, ulio ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero katika Milima ya Udzungwa mkoani Iringa, unastahili taabu yote ya kuufikia. Sisi tuliingilia kijiji cha Udekwa, wilayani Kilolo, kwa kuiacha barabara kuu pale Ilula na kushika njia ya vumbi inayopanda na kushuka vilima. Kampuni iliyotukodishia gari mjini ilituletea gari la chini lisilofaa kabisa kwa njia hiyo, kwa hiyo nashauri msafiri alikague gari kwa macho yake kabla ya kulipa.

Kutoka kijijini tulitembea, tukisaidiwa na wapagazi, na usiku tulilala kwenye hema. Baridi ni kali, hata wakati wa kiangazi.

Kilichonivutia kuliko vyote ni kazi ya kiongozi wetu, mzee wa Kihehe mwenye sikio la ajabu. Hakutukimbiza njiani, alituketisha kando ya kijia, akatutaka tunyamaze na kusikiliza mchakuro wa majani makavu. Tulikaa muda mrefu bila kuona chochote, kisha kundi dogo la kwale wa Udzungwa likajitokeza, midomo yao myekundu, vifua vya kijivu vyenye madoa meusi, wakichakura na kusonga mbele bila haraka. Ndege huyu aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1991 tu, baada ya watafiti kutoka Denmark kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kitoweo kambini, na jamaa zake wa karibu wanaishi katika misitu ya Asia. Amebaki hapa kwa sababu misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo Udzungwa ni sehemu yake, ikinyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, imedumu kwa mamilioni ya miaka hata pale nchi iliyoizunguka ilipokauka.

Msitu huohuo ndio makazi ya sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008 na ambaye ni mkubwa kuliko sange wengine wote. Huyo hatukumwona. Kipunji, tumbili aliyegunduliwa Rungwe mwaka 2003 na kuonekana hapa Ndundulu mwaka uliofuata, tulimsikia tu kwa mbali, na mzee alikataa katakata kumfuata kwa kelele. Nilimheshimu zaidi kwa hilo, maana tumbili hao ni wachache mno. Mbega wekundu, kwa upande wao, walituangalia waziwazi kutoka matawini.

Tafadhali, anayekwenda asipige mlio wa ndege kutoka kwenye simu mara kwa mara ili kuwaita; humvuruga ndege anayelinda eneo lake, hasa wakati wa kutaga. Msimu mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua hazijaharibu barabara, ingawa mwishoni mwa kipindi hicho ndege huimba zaidi. Apange walau siku nne ndani ya msitu wenyewe, kwa kuwa ukungu unaweza kufunika asubuhi nzima, na kwale hawafuati ratiba ya mgeni.