Mche wa sabuni ya mawese na maji ya bomba la Kigoma: uamuzi wa dobi

Mimi ni dobi, kazi naifanyia Mwanga, Kigoma mjini. Kwangu zinakuja kanzu za wazee wa Ujiji, sare za shule, mashuka ya nyumba za wageni, na nguo za kazi za vijana wa dagaa kule Kibirizi. Zote nazifua kwa maji ya bomba, na bomba letu linavuta Ziwa Tanganyika. Ninayosema hapa kuhusu sabuni nayasema kwa maji haya. Mtu wa Mwanza akinunua mche huuhuu atapata matokeo mengine kabisa, na sababu yake nitaieleza.

Mche wenyewe ni ule wa mawese unaopikwa hukuhuku mkoani, wa rangi ya manjano iliyokolea au kahawia, mara nyingi hauna jina wala karatasi. Unaupata soko la Mwanga, Ujiji, Mwandiga, na wachuuzi wanakukatia kipande kama huna hela ya mche mzima. Nimeutumia tangu nilipoanza kazi hii na hautoki kwenye karai langu. Naupenda, na kwa kuwa naupenda nataka usemwe ukweli wake: kwa kusugulia madoa ni bora kuliko sabuni nyingi za dukani, lakini kwa kufulia nguo nyeupe mwanzo hadi mwisho kwa maji ya bomba la hapa, haufai.

Nianze na uzuri wake. Mafuta ya mawese yanatoa mche mgumu. Ukiuacha ukae mwezi mzima kabla ya kuutumia, unakuwa mkavu kama unavyotakiwa, hauyeyuki ovyo, na unasugua kola bila kuacha uji wa sabuni juu ya kitambaa. Jasho la makwapani, mafuta ya kichwa yaliyoganda kwenye kola, mafuta ya kupikia kwenye aproni za mama lishe, haya yote unayatoa kwa mkono na mche wa mawese bila brashi. Shombo ya dagaa nayo unaiweza. Vijana wa Kibirizi wanajua, wengine wanakuja na kipande chao mfukoni na kuniambia, "Kaka, zangu sugua na hii."

Miche ya mawese haifanani. Chikichi lina mafuta ya aina mbili: mawese yanatoka kwenye nyama ya nje, na mafuta ya mise yanatoka kwenye kiini cha ndani ya kokwa. Mche wa mawese matupu ni mgumu na unadumu, ila povu lake linachelewa. Ukichanganywa na mise unatoa povu upesi, kwa sababu mafuta ya mise kwa tabia ni ndugu wa mafuta ya nazi, na sabuni ya nazi inajulikana kwa kutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Kwa maji yetu tofauti hii ni kubwa. Mimi nikienda kwa mama anayeniuzia, swali langu la kwanza ni kama safari hii ametia mise. Mise ikipanda bei anapunguza, nami naijua siku hiyohiyo, nikiwa na shuka la kwanza mkononi.

Sasa maji. Watu wa hapa wengi nguo zikifubaa wanamlaumu mpika sabuni, wanasema amezidisha soda au ametia udongo. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Lakini mara nyingi sababu ni ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na njia yake ya kutoka ni moja, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi zaidi yanaondoka kwa kupaa na jua kuliko kwa mto huo. Maji yanapaa, madini yanabaki. Tena kaskazini mto Ruzizi unaingiza maji ya Ziwa Kivu, ambayo yametoka kwenye nchi ya volkano za Virunga yakiwa na magnesiamu nyingi. Ndiyo maana kila lita ya ziwa letu ina miligramu 40 hivi za magnesiamu na 10 hivi za kalsiamu. Wapimaji wa maji wakizigeuza hesabu hizo kuwa chokaa, inafika karibu miligramu 190 kwa lita, na wao wakishavuka 120 tayari wanayaita maji magumu, yaani yanayoigandisha sabuni. Ziwa Victoria linajazwa zaidi na mvua inayolinyeshea juu kwa juu, kwa hiyo maji yake ni laini na ugumu wake haufiki hata nusu ya wetu. Mche uleule ukienda Mwanza unatoa povu kwa furaha.

Kwa kunywa, ugumu huu hauna neno. Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo kwa sababu ya afya. Vijidudu ni habari nyingine, maji ya kunywa endelea kuyachemsha. Mimi naongelea karai.

Kinachotokea kwenye karai ni hiki. Sabuni yoyote iliyopikwa kwa mafuta na soda ikikutana na magnesiamu na kalsiamu inashikana nayo na kuganda. Mabonge hayo hayayeyuki tena. Ndiyo ule utando wa kijivu unaouona ukielea juu ya maji ya kufulia, unaobaki ukingoni mwa beseni na kukushinda hata kwa maji ya moto. Mpaka madini yaliyomo kwenye hiyo ndoo yaishe kushikwa, sabuni haijaanza kufua. Kwa hiyo unasugua, unaongeza, unasugua, nusu mche unakwisha, na ule uliokwisha umeingia kwenye nyuzi za nguo. Ukisuuza kwa maji yaleyale ya bomba unaongeza utando mwingine.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua chupa mbili za maji za nusu lita. Moja jaza maji ya mvua, nyingine ya bomba. Kwangua sabuni kidogo, kiasi kilekile, tia humo, funga, tikisa. Ya mvua itajaa povu zito linalokaa. Ya bomba itakuwa nyeupe nyeupe, ina chembechembe, na povu lake linakufa ukiwa bado umeishika. Huwa nawaonyesha wateja wanaodai nimewabania sabuni.

Kanzu ndizo zinazoonyesha haraka. Mzee mmoja wa Ujiji alikuwa anafuliwa nyumbani kwa mche wa mawese peke yake, kila wiki kabla ya Ijumaa. Aliniletea kanzu akasema, "Mwanangu, kanzu hii imekuwa na rangi ya maziwa ya jana." Ukiigusa ilikuwa nzito, ina ukakasi, na pasi ikiipita inatoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Uchafu haukuwepo. Ilikuwa imejaa sabuni iliyoganda. Niliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, nikaikamua, nikairudia, na ndoo ya mwisho nikatia siki nyeupe kidogo. Ikarudi nyeupe, na ikalainika mkononi. Mzee alinishika bega akaniombea dua pale pale, na tangu hapo wajukuu zake ndio wanaozileta.

Hapo kwenye siki naomba usome vizuri: kamwe usiichanganye na jiki. Siki ikikutana na jiki inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Kama nguo imepitia jiki, isuuze mpaka jiki iishe kabisa kabla siki haijafika karibu. Hili nalisema kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu, kabla hata sijamwonyesha kamba ya kuanikia.

Utaratibu wangu ni huu, na ndio unaoupa mche wa mawese heshima yake. Nguo nailowesha, naikamua, nasugua mche moja kwa moja kwenye doa, kola, kwapa, pindo. Maji machache, sabuni nyingi mahali pamoja. Naiacha ikae kidogo. Kisha siisuuzi. Naipeleka na sabuni yake hivyohivyo kwenye karai la sabuni ya unga. Wengi wanasuuza hapo katikati, na hapo ndipo utando unapozaliwa. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa dawa ambazo madini ya maji hayazigandishi kirahisi, na ikitangulia kuwepo kwenye karai inazuia mabonge ya mawese yasishikane na nguo, yanatoka na maji machafu. Kwa maji yetu tia sabuni ya unga kuzidi kidogo kile kipimo ulichokizoea ukiwa mji wa maji laini. Ukiibana sana inashindwa nayo.

Magadi nayo watu wananiuliza. Magadi soda ukiyatia kwenye maji kabla ya sabuni yanakamata kalsiamu na kuituliza chini. Kwa maji ya visima vya chokaa yanasaidia sana. Ya kwetu sehemu kubwa ya ugumu ni magnesiamu, na hiyo magadi hayaikamati vizuri, kwa hiyo nafuu unaipata, lakini usitegemee maajabu. Tena yanakwaruza mikono na yanafifisha vitenge. Mimi nayatumia kwa mashuka meupe peke yake.

Dawa kubwa ni mvua, na Kigoma Mungu ametupa mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili bati la nyumba linakupa maji ambayo hayana ugumu wowote wa kuhesabika. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la kiangazi, zinazofuata kinga. Maji hayo usiyamalizie kwenye kufua. Yaweke kwa suuzo la mwisho, hasa la nyeupe. Nina simtenki moja kwa kazi hiyo tu, na wateja wangu wa kanzu wanaijua tofauti ya Januari na Agosti bila kuambiwa. Msimu wa mvua hata mche wa mawese peke yake unafua nyeupe vizuri, maana ndipo unapokutana na maji ya aina yake. Kiangazi ndipo mche unapolaumiwa bure.

Kuna jambo limenikera, sitamtaja mtu. Mjini hapa yupo anayepita akiuza vichujio vya maji vya mezani, vile vya ndoo mbili zilizopandana vyenye vichungio vyeupe vya kauri, akiwaambia akina mama kwamba vinaondoa ugumu, nguo zitatakata na birika halitaota ukoko. Kichujio hicho ni kizuri kwa kazi yake: kinashika tope na vijidudu. Lakini magnesiamu iliyoyeyuka inapita humo kama maji yenyewe yanavyopita. Jirani yangu ametoa hela ya kodi ya nyumba kununua kitu ambacho hakiwezi kufanya alichoahidiwa, na birika lake linaendelea kuota ukoko vilevile. Nunua kichujio kwa ajili ya kunywa, na muulize muuzaji swali moja: madini yaliyoyeyuka yanabaki wapi? Hana jibu.

Pasi za mvuke kwa maji ya bomba zinaziba. Tundu zinaanza kutema vipande vyeupe, halafu siku moja zinakutemea kahawia juu ya shati la bwana harusi. Tia maji ya mvua. Ikishaziba, siki na maji nusu kwa nusu, ipashe moto, izime ikae, kisha ipulize mvuke juu ya kitambaa kibovu mpaka maji yatoke safi. Birika la umeme ni hivyohivyo, na ndimu inatosha. Utaona ukoko ukitoa mapovu na kuachia.

Turudi kwenye mche. Ukienda kununua, ubonyeze kwa kidole gumba. Ukibonyea ni mbichi, umetoka juzi, utakwisha haraka na unaweza kuuma mikono. Unuse: harufu ya mawese iwe ya mbali, na harufu ya kuchacha isiwepo. Ukate, ndani na nje rangi iwe moja. Ukiwa na madoa meupe yanayotoka unga, soda haikuiva na mafuta. Bei inapanda na kushuka na mawese yenyewe, kwa hiyo kipindi cha mavuno ya chikichi nunua ya kutosha, ipange darini yenye nafasi kati ya mche na mche, ikauke.

Na kwenu mnaopika, mama zangu na kaka zangu wa Mwandiga na Ujiji: mkoa huu unahimizwa michikichi tangu 2018, miche bora ya kupanda inatoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, mafuta yataongezeka na sabuni itaongezeka. Naombeni mambo mawili. Andikeni kwenye karatasi tarehe mliyoimwaga sabuni kwenye kalibu, na andikeni kiasi cha mise mlichotia. Mise ikifika robo ya mafuta yote, mimi nitanunua kwa katoni na nitalipa zaidi, na madobi wenzangu wa Gungu na Katubuka wameniambia watafanya hivyohivyo.