Spana za Kuanzia Gereji: Nini Ununue Kwanza, Nini Kisubiri

Kijana akitoka VETA na vihela vyake vya kuanzia, kitu cha kwanza kumtoa udenda ni lile sanduku linalofunguka kama begi la safari: ndani vipande mia na kitu, vimepangwa mdogo kwa mkubwa, vinang'aa kama vijiko vya harusini. Nami nililinunua. Mwezi wa pili nilikuwa chini ya Noah nikifungua bolti ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, iliyoshikwa na kutu. Boksi, kile kikombe cha chuma kinachovishwa kwenye kichwa cha bolti, likapasuka ubavuni kama ganda la karanga, ngumi yangu ikaenda kugonga chasisi. Kovu ninalo hadi leo. Baadaye nilikaa nikahesabu: katika vile vipande vyote, nilivyokuwa nimevigusa havikufika kumi na tano. Vingine nilikuwa nimevilipia ili vikae vikipendeza.

Tangu siku hiyo, fundi akiniuliza anunue nini, namwambia kwanza aniambie anafungua nati gani.

Magari yako yanavaa namba ngapi

Gereji zetu nyingi za Dar, zile tunazoziita gereji bubu, kwa sehemu kubwa zinaishi kwa Toyota: Vitz, IST, Noah, Probox, Corolla. Mjapani ana kawaida yake ya vichwa vya bolti. Bolti yenye unene wa milimita 6 ina kichwa namba 10, yaani upana wa milimita 10. Yenye unene wa 8 ina kichwa namba 12. Ya 10 ina kichwa 14, na ya 12 ina kichwa 17. Kwa hiyo ukiwa na 10, 12, 14, 17 na 19, ukaongeza 8 kwa vidude vidogo na 21 kwa nati za tairi, umeshaingia karibu kila pembe ya gari hilo.

Mjerumani ana yake. Bolti ile ile ya unene wa 8 yeye anaivisha kichwa 13. Ya unene wa 10 utaikuta na 16, au 17 kwenye magari ya zamani, na ya 12 utaikuta na 18 au 19. Ndiyo maana fundi aliyezoea Toyota akipokea Golf anajikuta anatafuta 13 gereji nzima, na anayo moja tu iliyochoka. Anayefanya kazi za Kijerumani anunue 13, 16 na 18 tangu mwanzo, asisubiri gari lifike ndipo aanze kuazima.

Wenzangu wa mikoani wenye matrekta na Land Rover za zamani wana mtihani mwingine. Massey Ferguson 135 inazungumza inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na ukiitia spana ya 13 itaingia vizuri tu, hapo ndipo penye hatari, maana itafungua mara mbili na ya tatu itakula kichwa. Inchi zinazokaribiana na milimita bila madhara ni chache: 5/16 ni 7.94, inakubali 8, na 3/4 ni 19.05, inakaa na 19. Zilizobaki nunua seti ya inchi, hata kama ni ya mtumba.

Kwa hela ya kawaida, foleni yangu ni hii

Bei sitaji. Bei ya Kariakoo ya asubuhi si ya jioni, na ya mgeni si ya mwenyeji. Ninachopanga hapa ni thamani: unachobaki nacho baada ya miaka mitano, ukikilinganisha na ulichotoa mfukoni.

Namba moja ni mtumba wa Japani na Ujerumani. Najua wapo watakaoshangaa. Spana iliyotengenezwa vizuri haizeeki kama gari. Ikiwa mdomo haujapanuka na haijawahi kuunguzwa kwa moto wa gesi, ina maisha kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye mafungu yanayotoka kwenye makontena angalia majina haya: KTC ya Kyoto, Koken (hawa ni mabingwa wa maboksi) na Tone. Kwa Mjerumani tafuta Hazet na Gedore, zote za Remscheid, pamoja na Stahlwille ya Wuppertal. Utazikuta zimechakaa rangi, zina mafuta na vumbi, na muuzaji mara nyingi anaziuza kwa bei moja na vyuma vya ovyo vilivyo pembeni yake. Hapo jicho lako ndilo mtaji. Ubaya wake ni kwamba huwezi kupata seti kamili kwa siku moja. Leo unapata 12 na 17, Jumamosi nyingine unapata 14. Kama una haraka, mtumba haukufai.

Namba mbili ni Taiwan. King Tony, Toptul na Force ni za huko. Ukitaka seti mpya iliyokamilika, yenye boksi litakalostahimili bolti yenye kutu, simama hapa. Hela yake inauma siku ya kununua, nakubali. Fundi mwenye wateja wa kila siku asiwe na huzuni sana kuilipa.

Namba tatu ni Taparia ya India, na hapa nazungumzia spana zake za mkono tu. Haina urembo, na ukiiweka karibu na ya Taiwan inaonekana kama mtoto wa shamba mbele ya mtoto wa mjini. Kazi inafanya. Wengi wetu tulijifunzia hizi, na kwa anayeanza bila kitu, spana za Taparia za 8 hadi 19 pamoja na maboksi machache ya Taiwan ni mchanganyiko ambao sijaona fundi akiujutia.

Namba nne ni zile chapa za Kichina zilizojaa kila duka la vifaa sasa hivi, Ingco, Total, Tolsen na wenzao. Zina faida moja kubwa: duka liko karibu, na kikivunjika unajua pa kurudi. Mimi huchukua kwao nyundo, tupa, tindo, msumeno wa chuma, brashi ya waya. Kwa boksi na racheti (mpini wa kuzungushia boksi, unaokwenda na kurudi bila kulitoa), uliza daraja la juu la chapa hiyo hiyo, usichukue lile la kwenye kapu karibu na mlango.

Mwisho wa foleni ni sanduku la vipande mia lisilo na jina la mtengenezaji, au lenye jina ambalo hata muuzaji hawezi kulisoma mara mbili kwa namna moja. Mwenye gari anayetaka kubana betri na kubadilisha taa nyumbani, linamtosha. Fundi apite.

Seti mpya za Ulaya sikuzipanga. Ubora wake haubishaniwi, ila bei ya seti moja ni mtaji wa gereji nzima. Zinunue moja moja, kwa namba unayoitumia kuliko zote.

Nenda dukani na bolti mfukoni

Ushauri huu sijausikia kwa mwingine, na umeniokoa mara nyingi. Kabla ya kwenda Kariakoo, weka mfukoni bolti tatu mpya: kichwa 10, kichwa 12, kichwa 14. Mpya, zisiwe za kuokota gereji. Ukifika, ichukue spana, ivishe bolti, kisha itikise. Spana nzuri inaingia bila kulazimishwa na inacheza kidogo sana. Ikiyumba kama meno ya mzee, irudishe mezani bila maneno mengi. Jaribu pande zote mbili, ya mdomo ulio wazi na ya pete iliyofungwa duara, kwa sababu kuna spana ambazo pete ni nzuri na mdomo umepanuka.

Halafu tazama ndani ya boksi, si nje. Nje kila mtu anaweza kung'arisha. Ndani, kingo za pembe ziwe zimenyooka na unene wa ukuta uwe sawa kuzunguka. Ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, jua tundu halikutobolewa katikati. Pitisha kidole juu ya kromu. Kama ina malengelenge au imeanza kubanduka, itakukata kama wembe siku utakayoshika kwa nguvu.

Maandishi ya CR-V yasikubabaishe. Hapa si gari la Honda, ni kusema chuma kimechanganywa kromu na vanadi, na chuma hicho kweli ni kizuri. Tatizo ni kwamba kugonga herufi hizo hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mimi naangalia zaidi jinsi namba ilivyoandikwa. Iliyozama au kuinuka ndani ya chuma chenyewe ina heshima kuliko iliyochapwa kwa rangi. Na chapa kubwa zinaigwa. Jina likiwa kubwa na bei ikiwa ya karanga, ujue kuna kitu.

Boksi la pembe sita, na racheti isiyopewa kazi ya punda

Maboksi yako katika aina mbili: ya pembe sita ndani, na ya pembe kumi na mbili. La kumi na mbili linakaa kwenye nati upesi, hata ukiwa umelala hujaona vizuri. Lakini linashika kwenye ncha za nati, na nati yenye kutu ncha zake ndizo za kwanza kulika. Nunua pembe sita. Lile langu lililopasuka kwenye Noah lilikuwa la kumi na mbili. Kwenye spana za pete hali ni tofauti, nyingi zina pembe kumi na mbili kwa sababu nafasi ya kuzungusha mkono ni ndogo, na hilo sina ugomvi nalo.

Kuhusu ukubwa wa mraba wa racheti, ule unaoingia kwenye boksi: wa nusu inchi ni wa tairi, shoki na mikono ya chini. Wa 3/8 ni wa injini. Ukiwa na hela ya mmoja tu, anza na nusu inchi. Ukishapata wa pili utashangaa uliishije bila 3/8 kwenye injini ya IST, ambapo mkono wenyewe hauingii vizuri.

Racheti zinatofautiana kwa meno. Yenye meno 24 inataka uisogeze nyuzi 15 ndipo idake, ya 36 nyuzi 10, ya 72 nyuzi 5 tu. Kwenye nafasi finyu, hizo nyuzi 10 za tofauti ndizo zinazoamua kama utavua bampa au hutavua. Ila racheti si ya kuvunjia kutu. Nunua mpini mrefu usio na racheti, legeza kwa huo, kisha malizia kwa racheti. Kila racheti iliyokufa gereji kwangu iliuawa na bomba la maji lililovishwa kwenye mpini.

Maboksi meusi, ya chuma cha kromu na molibdeni, ni ya mashine ya upepo ya kufungulia nati. Ukiitia mashine boksi la kung'aa linaweza kuruka vipande. Nawe una macho mawili tu.

Boksi la plagi usisahau. Injini ya 1NZ, iliyoko kwenye IST na Probox nyingi, inataka la 16, refu, lenye mpira au sumaku ndani ya kuishika plagi. Plagi za zamani zinataka la 21.

Bisibisi

Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani, Honda na Yamaha, hazikuchongwa sawasawa na bisibisi ya nyota ya kawaida. Nyingi zina kitone kidogo kichwani, hiyo ndiyo alama yake. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuila skrubu, halafu fundi analaumu kutu. Vessel ya Japani inatengeneza bisibisi za msalaba huo, na zenye mwili wa chuma uliopita hadi kitakoni unaweza kuzigonga kwa nyundo. Anayetengeneza bodaboda za Kijapani anunue moja ya namba 2. Moja inatosha.

Spana malaya, ile ya taya la kupanua na kubana, uwe nayo moja, ya inchi 10, na iwe ya mwisho kutoka kwenye mfuko. Ukiitumia, vuta kuelekea upande wa taya linalotembea, ili mzigo mkubwa ubebwe na lile lisilotembea. Koleo, chukua la kawaida na la kufinya lenye kufunga. Alenki, zile funguo za pembe sita za bolti zenye tundu kichwani, chukua seti ya 3 hadi 10.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inaweza kusubiri miezi mitatu, isisubiri mwaka. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na anayeziruka kwa miguu juu ya spana anazipita mbali. Ndiyo maana mwenye gari akipata pancha njiani hawezi kuzifungua. Nunua ya nusu inchi inayofika Nm 200, usiitumie kufungulia, na ukimaliza irudishe chini kwenye namba ndogo kabisa kabla ya kuilaza.

Kitu cha mwisho wala hakiuzwi duka la spana. Nunua kipande cha turubai, mpelekee fundi cherehani akushonee mifuko myembamba, mmoja kwa kila spana, na namba juu yake kwa rangi nyeupe. Unakunja, unafunga kamba. Kila jioni kabla ya kushusha boneti unaukunjua na kuutazama: mfuko wa 12 ukiwa mtupu, basi 12 iko juu ya injini ya mteja, na mteja bado hajawasha gari.