Bangili ya "kila kitu ndani" pwani ya Kiwengwa: mapitio ya siku tatu, wanandoa watatu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kabla sijawaonyesha chumba, bwawa wala meza ya chakula, tazameni kwanza mkono wangu. Mstari huu mweupe mnaouona ni alama ya bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa, ambayo nilifungwa mapokezi siku ya Ijumaa mchana na haikutoka mpaka Jumatatu asubuhi, ilipokatwa kwa mkasi na mhudumu yuleyule aliyeifunga. Bangili hiyo, inayoonyesha kwamba mgeni amelipia kifurushi cha "kila kitu ndani", yaani chumba pamoja na chakula na vinywaji, ndiyo bidhaa ninayoichambua leo. Jina la hoteli sitalitaja, kwa kuwa hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja huuza kifurushi kinachofanana sana na hiki, na pia kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifu.

Tulikuwa watu sita, wanandoa watatu: mimi na mume wangu, shoga yangu niliyesoma naye sekondari pamoja na mumewe, na maharusi wa miezi minne ambao tuliwaburuta huku wakilalamika kwamba fungate yao ilikwisha zamani. Tulivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, kisha gari ndogo likatuchukua bandarini Malindi hadi Kiwengwa, mwendo wa kama saa moja.

Nianze na hesabu, maana ndiyo mliyoniuliza wengi. Kwa bei ya wakazi, chumba cha watu wawili chenye kifungua kinywa peke yake kilikuwa shilingi 380,000 kwa usiku mmoja, na chumba hichohicho chenye kila kitu ndani kilikuwa shilingi 620,000. Tofauti ni shilingi 240,000, yaani 120,000 kwa kila mtu kwa kila siku. Hapa nimewawekea picha ya orodha ya bei ya mgahawa wao: chakula cha mchana 35,000, cha jioni 45,000, jumla 80,000. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipaswa kunywa vinywaji vya shilingi 40,000 kila siku ili asiwe amepoteza. Mimi na mume wangu hatunywi pombe. Maji chupa tatu, soda mbili na kikombe cha kahawa, kwa bei zao, ni shilingi 26,000, na hata ningejilazimisha nisingefika mbali zaidi ya hapo. Shemeji yangu, yule mume wa shoga yangu, kwa upande wake, alikuwa anaagiza bia ya shilingi 8,000, na sikuwahi kumwona akiishia ya tano. Kwa maneno mengine, sisi wawili tulichangia kama shilingi 84,000 kwa siku tatu katika starehe ya wenzetu, na shemeji alipoonyeshwa hesabu hii mezani alininyanyulia glasi na kunishukuru kwa heshima zote.

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikisema fedha hizo zilipotea bure. Waliowahi kusafiri na marafiki wanaijua ile dakika bili inapowekwa katikati ya meza: mmoja anatazama simu, mwingine anakwenda msalani, na yule aliyekula saladi tupu anaombwa agawane sawa na aliyekula kamba wakubwa. Kwa siku tatu hatukuwa na dakika hiyo hata mara moja. Maharusi wetu, ambao ndio kwanza wanaanza maisha, hawakulazimika kutafuta visingizio vya kubaki chumbani wakati wa chakula, na nadhani kwao kifurushi kilikuwa na thamani kuliko kwa mtu mwingine yeyote kati yetu.

Sasa maneno "kila kitu". Nawaomba mwombe karatasi ya masharti kabla ya kulipa, kwa sababu sisi tuliiona siku ya pili, ikiwa imebandikwa nyuma ya mlango wa kabati. Bia na mvinyo wa ndani ya nchi vimo, vya kutoka nje havimo. Juisi ya boksi imo, juisi iliyokamuliwa haimo. Dafu halimo kabisa, ilhali minazi imesimama hapo nje ya dirisha. Baa hufungwa saa tano usiku. Ule mgahawa mdogo wa samaki, uliopambwa kwa taa kwenye tangazo lao, umo, lakini ni kwa usiku mmoja tu na ni lazima uandikishe meza kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna aliyetuambia, na tulipokwenda kuandikisha, meza ya watu sita haikupatikana tena. Tuligawanyika watatu watatu, wake kwenye meza moja na waume kwenye nyingine kama kwenye walima, ile karamu ya harusi, na kusema kweli tulicheka kuliko usiku mwingine wowote.

Chakula cha bafe kilikuwa kingi na safi, ila kimepikwa kwa ulimi wa mgeni wa Ulaya. Nilipakua pilau kwa matumaini makubwa, na nikala pilau ya visiwa vya karafuu isiyo na harufu ya karafuu. Usiku wa Jumamosi tu ndipo walipotoa pweza wa nazi, laini, mchuzi mzito ulioshika kwenye kijiko, na sisi sita tukarudi kupanga foleni bila haya. Asubuhi palikuwa na vitumbua kwenye kona ya mwisho, nyuma ya mikate, ambavyo vilikwisha mapema siku zote mbili nilizochelewa. Vyumba sina mengi ya kusema: shuka safi, chandarua kizima, maji ya moto yapo. Kiyoyozi cha maharusi kilidondosha maji juu ya mto usiku wa kwanza, na fundi alifika ndani ya nusu saa.

Kuhusu bahari nitakaa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi wa bara wanapokosea. Pwani ya mashariki maji hupwa mpaka mbali, karibu na mwamba, na siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Sisi tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu bila kutazama kalenda. Jumamosi tulishuka ufukweni saa tatu na nusu asubuhi, taulo mabegani, tukakuta bahari imeondoka. Kilichobaki ni mchanga, mabwawa madogo yenye maji ya magotini, na mitumbwi ya plastiki ya hoteli, ambayo imo kwenye kifurushi, ikiwa imelala ubavu. Kina cha kuogelea kilirudi saa nane mchana, na saa kumi na moja jioni mawimbi yakagonga ngazi za hoteli. Anayetaka kuogelea saa zote atafute Kendwa au Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, ambako kupwa hakuonekani sana.

Lakini asubuhi hiyohiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kina mama wa kijijini walikuwa wameinama kwenye mashamba ya mwani, kamba zimetandazwa kati ya vijiti, kila fundo limefungwa kipande cha mwani. Mama mmoja alituruhusu kukaa karibu, akamwonyesha bi harusi wetu namna ya kufunga fundo legevu ili mwani usikatike unapokua. Vidole vyake vilifunga vitatu kabla mwenzetu hajamaliza kimoja, na hicho kimoja mama akakifungua, akakifunga upya. Mkitoka nje ya lango la hoteli, kumbukeni kwamba mmeingia kijijini, hivyo kanga au nguo ya kujisitiri ni jambo la lazima. Mapapasi, yaani vijana wanaowavizia wageni ufukweni, watawafuata kuuza safari za ngalawa, na "ahsante, si leo" ya upole inatosha.

Je, nawashauri kuinunua bangili hii? Kundi lenye wanywaji wengi kuliko wasiokunywa, ambalo halina mpango wa kwenda Mji Mkongwe wala msitu wa Jozani, nalishauri ilinunue. Sisi wawili tukirudi peke yetu tutachukua kifungua kinywa na chakula cha jioni, mchana tutakula kijijini, na siku tutaichagua kwa kutazama mwezi. Wenzetu wamekwisha sema watachukua bangili tena, na shemeji ameuliza kama tunaweza kwenda nao vilevile.

Jumatatu asubuhi, tulipokwenda kurudisha funguo, karani alitoa bili za ziada za vyumba vitatu. Ya maharusi ilikuwa sifuri. Ya shemeji, pamoja na bia zake zote, ilikuwa sifuri. Yetu sisi tusiokunywa ilikuwa shilingi 40,000: juisi nne za machungwa, zilizokamuliwa.